Albamu mpya ya metali: masteringi imerudi imebanwa, kiki haisikiki. Tatizo liko wapi?

NyuziNzito

Wakuu, heshima kwenu. Nahitaji msaada wa wanaoijua kazi hii.

Albamu ni ya metali, nyimbo 9, jumla dakika 46. Bendi ya watu wanne, Nairobi: magitaa mawili yaliyoshushwa hadi B, besi, drams na sauti za kunguruma. Nyimbo za kasi ziko 200 BPM (mapigo kwa dakika) na kiki mbili (dramu kubwa za mguu) mfululizo, za polepole ziko kama 70.

Masteringi, yaani hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi baada ya miksi, imerudi. Sekunde ishirini za kwanza inapiga vizuri, kisha masikio yanachoka. Kwenye vipande vya kiki mbili, kiki inazama kabisa, unasikia mngurumo tu, na magitaa yanapanda na kushuka kama yanapumua. Mita inasoma -5.8 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti) kwa albamu nzima, na kilele cha kweli +0.7. Aliyefanya masteringi anasema miksi ilimfikia hivyo. Aliyefanya miksi anasema metali ndivyo ilivyo.

Nani yuko sahihi, na tunarudi hatua gani? Pili, tunataka santuri 200, diski moja. Dakika 46 zinaingia? Tatu, mitandaoni tupeleke lini ili isiende kimyakimya?

---

MtegaMaiki

Mkuu, kabla ya kumlaumu yeyote fungua faili la miksi lililotumwa kwa masteringi, lile lenyewe, na ulitazame umbo lake. Ukiona vilele vya sineya (dramu ndogo yenye mlio mkali) vimechomoza juu ya magitaa kama meno ya msumeno, miksi ni nzima na tatizo ni masteringi. Ukiona tofali, limenyooka juu na chini, basi mtu wa masteringi amesema kweli: hana cha kuokoa. Kilichokatwa na limita (kifaa kinachozuia vilele visipite kiwango) hakirudi.

Hili limewahi kutokea kwa bendi kubwa kuliko zote. Death Magnetic ya Metallica, Septemba 2008, ilitoka imebanwa mpaka inakwaruza. Mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero ni safi zaidi, maana huko zilipelekwa trak zilizotenganishwa, hazikupita kwenye ule mbano wa mwisho. Ted Jensen aliyefanya masteringi alisema miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa. Huenda kesi yako ni hiyohiyo.

Sasa kwa nini kiki inakufa. Piga hesabu: 200 BPM, mapigo manne kwa kila biti, ni mapigo 13 na kitu kwa sekunde. Kati ya kiki moja na inayofuata kuna milisekunde 75 tu. Limita ikiwekwa muda wa kuachia wa milisekunde 150, kiki ya kwanza inaibonyeza, na kabla haijainuka ya pili imeshafika. Haipumziki hata mara moja mpaka kipande kiishe. Matokeo yake ni mambo mawili uliyoyataja mwenyewe: ncha ya kiki inakatwa, na magitaa yanasukumwa chini pamoja nayo. Huko ndiko kupumua unakosikia.

Dawa yake iko kwenye miksi. Kwanza mkia wa kiki: kwenye vipande vya kasi uwe mfupi kuliko milisekunde 75, kwa geti (kifaa kinachofunga sauti inaposhuka) au kwa kufupisha sampuli ya kiki. Kiki yenye mkia wa milisekunde 200 ni tamu kwenye wimbo wa 70 BPM, lakini ukiipeleka 200 BPM mikia inapandana na kuwa mngurumo mmoja. Kwa hiyo weka trak mbili za kiki, moja ya nyimbo za polepole na moja ya kasi. Kwenye ya kasi kata chini ya 60 Hz, punguza 300 hadi 400 Hz ambako kunasikika kama boksi la kadibodi, kisha inua kidogo kati ya 4 na 6 kHz ili mguso wa nyundo kwenye ngozi usikike. Huo mguso ndio unaolifanya sikio lihesabu mapigo.

Pia usiilazimishe kila kiki ya mfululizo iwe na nguvu sawa na kiki ya mwanzo wa baa (fungu la mapigo). Shusha zile za katikati desibeli 2 au 3. Hakuna binadamu anayepiga zote sawa, na limita itakushukuru.

---

Besi_Chini

Naongezea kwenye besi, maana hapo ndipo miksi nyingi za B zinapoharibika.

B ya chini ya gitaa ni takriban 62 Hz. Besi ikipiga B hiyohiyo oktevu moja chini ni 31 Hz, ambayo spika za simu, redio ya gari na hata monita nyingi za inchi tano hazitoi. Unachokisikia kama besi kwa kweli ni 62 na 93 Hz. Na kiki unaipandisha wapi? Kwenye 60 ileile. Vitatu vinagombania mlango mmoja.

Igawe besi trak mbili. Ya chini, kila kitu chini ya 200 Hz, iache safi, na uibane sana, hata desibeli 10 za kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), iwe imara kama sakafu. Ya juu ipitishe kwenye distoshoni, ukate chini ya 200 na juu ya 5 kHz. Hii ya juu ndiyo itakayosikika kwenye simu. Ukimaliza, geuza polariti ya trak moja usikie: upande wenye besi nene ndio sahihi. Distoshoni nyingi huchelewesha ishara kwa sampuli kadhaa na zile mbili zinaanza kufutana, mtu anahangaika kuongeza besi siku nzima kumbe inajila yenyewe.

Magitaa yakate chini ya 80 Hz, hata 100 kama besi iko vizuri. Usiogope. Ukilisikiliza gitaa peke yake litakuwa jembamba, lakini ndani ya miksi besi inalijaza. Halafu kile kishindo cha kuziba nyuzi kwa kiganja kinavimba kati ya 100 na 200 Hz. Usikikate kwa EQ (kirekebisha masafa) ya kudumu, utayafanya magitaa yawe matupu kwenye kodi za gitaa zilizoachwa wazi. Tumia kompresa ya bendi moja, sehemu hiyo tu, ishushe desibeli 3 hadi 5 pale kishindo kinapotokea na iachie haraka.

Na swali kwako mkuu: magitaa mmerekodi trak ngapi kila upande, na geini (kiasi cha ukali wa amplifaya) ilikuwa wapi?

---

NyuziNzito

Asanteni sana. Nimefungua faili la miksi: tofali. Limita ilikuwa imewashwa kwenye basi kuu (njia ambako trak zote huungana), inashusha desibeli 6 kwenye korasi.

Magitaa ni trak nne, mbili kila upande, geini kama tunavyopiga jukwaani. Nyuzi ni seti ya 11 hadi 56, gitaa la skeli ya inchi 25.5. DI (rekodi safi za gitaa kabla ya amplifaya) zipo zote.

---

Besi_Chini

DI zikiwepo hamjapoteza kitu. Hamhitaji kurudi studio kupiga upya, pitisheni DI kwenye amplifaya tena.

Geini ya jukwaani ni kubwa mno kwa rekodi. Mnapoweka trak nne zenye distoshoni kamili, kila moja imeshabanwa na distoshoni yenyewe, na zote pamoja zinakuwa ukuta wa mchanga: hakuna mwanzo wa noti. Anzeni na trak mbili tu, moja kushoto kabisa na moja kulia kabisa, kila moja imepigwa kivyake. Shusheni geini mpaka lile gitaa moja likisikika peke yake muone kama limepungua kidogo. Mbele ya amplifaya wekeni pedali ya ovadraivu, draivu sifuri, leveli juu, toni katikati. Haiongezi ukali, kazi yake ni kukata tope la chini kabla ya amplifaya kulikuza. Mkiona bado mnazitaka trak nne, zile mbili za ziada ziwe chini desibeli 6 na geini ndogo zaidi.

Maiki ikiwekwa katikati kabisa ya koni ya spika inachoma masikio, ikiwekwa pembeni kabisa inapiga tope. Ianze pale kifuniko cha katikati kinapokutana na koni, sentimita 2 kutoka kwenye kitambaa, kisha isogezwe kwa nusu sentimita huku mtu mwingine akisikiliza chumba cha pili. Nusu sentimita inabadilisha sauti kuliko EQ yoyote.

Kuhusu nyuzi, 56 kwa B kwenye inchi 25.5 ni legelege. Ukiupiga kwa nguvu, noti inaanza juu ya kiwango kisha inashuka, na kwa trak mbili kila moja inashuka kivyake. Ndiyo maana rifu nyingi za B husikika kama hazijatyuniwa ingawa tyuna inasema sawa. Kama kuna rifu itakayorudiwa kupigwa, fungeni uzi wa 60 au 62, rekebisheni intonesheni upya kwenye daraja la gitaa, na tyuneni kwa mwanzo wa pigo lenye nguvu ileile mtakayopigia, msisubiri noti itulie.

---

Kilele_Kweli

Nimesoma yote juu, nakubaliana na karibu kila kitu. Nije kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotoka kwenye kosa moja na kuingia lingine.

Spotify kwa kawaida inasawazisha hadi -14 LUFS, Apple Music karibu -16 pale usawazishaji ukiwashwa, YouTube inashusha hadi -14. Albamu yako ya -5.8 itashushwa desibeli 8.2. Yaani mmeuza ncha zote za drams mkanunua sauti ambayo msikilizaji hatapewa. Mbaya zaidi, ikichezwa baada ya albamu yenye drams hai, yenu ndiyo itakayosikika ndogo, kwa sababu zikiwa sawa kwa wastani, yenye vilele ndiyo inayopiga kifuani.

Lakini msikimbilie -14. Namba hiyo ni ya kuchezea, haikuwekwa iwe shabaha ya kutengenezea. Magitaa yenye distoshoni kwa asili yana vilele vifupi, na metali iliyoachwa -14 mara nyingi husikika kama demo isiyomalizika, magitaa yako mbali na sauti imekaa juu yake peke yake. Kwa muziki huu mimi ningelenga -10 hadi -9 kwenye korasi nzito, na nyimbo za polepole ziache -11. Hapo limita inafanya kazi ya desibeli 2 au 3, siyo 8. Kilele cha kweli kiwe -1, na kwa kuwa mko juu ya -14, Spotify yenyewe inashauri -2, maana faili likigeuzwa kuwa Ogg au AAC vilele vinaota juu. Hiyo +0.7 yenu inaweza kukwaruza.

Albamu ikichezwa kwa mpangilio, Spotify huishusha yote kwa kiasi kimoja, haigusi wimbo mmojammoja. Kwa hiyo kama mna utangulizi wa gitaa safi, uacheni uwe mdogo kweli. Wimbo mzito unaofuata utaonekana mkubwa maradufu bila kuongezwa chochote.

Mkituma miksi tena: WAV, biti 24 au 32 floti, kiwango kilekile cha sampuli mlichorekodia (msigeuze 48 kHz kuwa 44.1 wenyewe), vilele kati ya -6 na -3. Limita izimwe. Kompresa ya basi kama ilikuwa sehemu ya sauti tangu mwanzo wa miksi iacheni, 2:1, ataki ya milisekunde 30, isishushe zaidi ya desibeli 2. Acheni sekunde mbili za kimya mbele na mkia wote nyuma, matoazi yaishe yenyewe. Tumeni pia ile miksi yenye limita, iandikwe wazi kwamba ni ya kusikiliza tu, ili fundi ajue mlizoea kusikia nini.

Zikirudi, msilinganishe zikiwa na sauti tofauti. Sikio hupenda kilicho juu zaidi, kila mara. Wekeni ya zamani na mpya kwenye programu, zote zishusheni hadi -14 kwa kutumia mita (Youlean ya bure inatosha), ndipo msikilize kile kipande cha kiki mbili. Mtamaliza ubishi kwa dakika moja.

---

Santuri33

Swali la santuri. Dakika 46 kwenye diski moja ya inchi 12 ni 23 kila upande. Inaingia, lakini kwa metali siishauri. Mifereji yenye besi nyingi na sauti kubwa inahitaji nafasi pana. Ukizidi dakika 20 hivi, mkataji analazimika kushusha kiwango au kupunguza besi, na mkwaruzo wa sindano unaanza kusikika kwenye sehemu zenu za polepole. Ama mtoe wimbo mmoja wa dakika 5 au 6 ubaki mtandaoni, ama mwende diski mbili. Nyimbo 8, dakika 40, upande dakika 20: hiyo inakatika vizuri.

Mpangilio wa nyimbo nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Santuri inazunguka kasi moja, 33 na theluthi, lakini mwanzoni mwa upande sindano inapita karibu sentimita 51 za mfereji kwa sekunde, na mwishoni karibu na lebo ni kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye chini ya nusu ya urefu. Matoazi na herufi za s na sh zinakwaruza hapo. Kwa hiyo wimbo wa 200 BPM wenye matoazi mazima usiuweke wa mwisho. Upande ufungwe na wimbo wa polepole.

Omba masteringi ya pili kwa ajili ya santuri. Isiwe na limita kali kabisa, besi chini ya 150 Hz iwe mono, na s zipunguzwe kabla. Wengine hupeleka faili lilelile la mtandaoni. Kiwandani wanalishusha tu, mnapata santuri ndogo na iliyobanwa kwa pamoja.

Nakala za majaribio zikifika, zichezwe kwenye angalau mashine mbili tofauti. Tki-tki inayotokea mahali palepale kwenye nakala zote ni kosa la ukataji, rudisheni. Ikiwa kwenye nakala moja tu, ni vumbi au uchapishaji wa nakala hiyo. Tarehe ya santuri msiitangaze kabla ya hatua hii.

Uzito: diski ya gramu 140 na jalada lake ni kama gramu 250, hivyo 200 ni kilo 50 za mzigo, kabla ya ushuru. Kama mnachapisha Ulaya na wanunuzi wenu wengi wako huko, gawa mzigo, nusu ibaki kulekule itumwe kutoka huko. Kusafirisha Nairobi na kurudisha Berlin kunakula faida yote. Bajeti ikigoma, kanda ni nafuu na dakika 23 kila upande ni saizi yake. Mnaagiza tepu ya urefu huo, dakika moja ya ziada kila upande.

---

Msajili_wa_Rekodi

Nijibu la tatu. Hesabuni kinyumenyume kuanzia siku albamu inapotoka, ambayo ni Ijumaa. Dunia nzima inatoa Ijumaa tangu Julai 2015.

Wiki nne kabla, faili zote ziwe kwa msambazaji. Spotify inataka ombi la wimbo wa kupendekezwa kwa wahariri si chini ya siku 7 kabla, wimbo mmoja tu, na ombi hilo hufanywa wimbo ukiwa umeshafika kwenye mfumo wao. Msambazaji akichelewa siku tano, mmelikosa. Ukichagua wimbo, usichague ule unaoanza na dakika mbili za upepo.

ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, ni herufi na tarakimu 12, kila rekodi na yake. Mkitanguliza singo mbili, zikija kwenye albamu zitumie ISRC zilezile, la sivyo hesabu ya waliosikiliza inaanza sifuri. Lakini muwe mmemaliza masteringi yote kabla ya singo ya kwanza: singo ikitoka na sauti hii iliyobanwa na albamu ikaja na nyingine, ni rekodi tofauti, inataka namba mpya.

Jalada ni pikseli 3000 kwa 3000. Nembo ya metali yenye matawi na mizizi ni nzuri kwenye fulana, kwenye simu ni doa la sentimita moja na nusu. Andikeni jina kwa herufi za kawaida mahali fulani. Jina lenyewe litafuteni kwanza. Duma wa Nairobi waliotoa albamu kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020 walimaanisha giza, kwa Kikuyu, lakini anayetafuta neno hilo kwa Kiswahili ataletewa mnyama. Jina likigongana na la msanii mwingine, albamu huangukia kwenye ukurasa wake. Mpeni msambazaji kiungo cha ukurasa wenu halisi siku ya kupakia, msisubiri ipotee.

Wanne mkae chini muandike asilimia za utunzi kwa kila wimbo na kutia saini kabla ya kupakia, kisha msajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Vyama vya kukusanya mirabaha kwa miaka mingi vimekuwa vitatu: MCSK ya watunzi, KAMP ya wenye rekodi, PRISK ya waimbaji na wapigaji. Mpiga drams asiyetunga anastahili kwenye hiyo ya tatu, na ndiye anayesahauliwa mara nyingi.

---

NyuziNzito

Tumekubaliana tunarudi kwenye miksi, DI zinapitishwa upya. Moja la mwisho: kama wimbo wa 3 unaingia moja kwa moja kwenye wa 4 bila kimya, tuukate wapi?

---

Kilele_Kweli

Masteringi ifanyike ikiwa faili moja refu, ndipo fundi akate, ili limita isianze upya kwenye mpaka. Kata kwenye sampuli iliyo kabla tu ya pigo la kwanza la wimbo wa 4, wala usififishe upande wowote. Pakia WAV au FLAC. Ukipakia MP3 kuna kimya kidogo kinachoongezwa mwanzoni, na hapo kwenye kiungo mtasikia kama santuri imeruka.